Mteja Mwenye Adabu

Ukimuuliza mteja wa Sakania, mji wa Kongo ulio mpakani na Zambia, mbele ya mpishi, kama pai ilikuwa nzuri, jibu unalijua kabla hajameza: "Iko muzuri, mama." Atajifuta makombo, atalipa, ataaga. Maoni yenyewe atayatoa akishakata kona, kwa mwenzake wa kazini au kwa mkewe jioni: unga haukuiva chini, nyama ilihesabika, na ile ya ndizi ilikuwa tamu hadi inakera. Mpishi hasikii hata neno moja kati ya hayo. Kesho yake ataoka kama alivyooka jana, akiamini kwamba mtaa mzima unamsifu.

Mteja huyu si mnafiki. Mwenye duka ni mama wa fulani, mnasali parokia moja, mtoto wake na wako wanakaa dawati moja. Kumwambia kwamba pai yake imezidi chumvi ni kuingia nyumbani kwake na kufunua sufuria. Mtu aliyelelewa vizuri hafanyi hivyo kwa sababu ya kitu kinachoisha kwa kung'ata mara nne. Kwa hiyo mji unabaki na maoni mengi sana juu ya pai, yote ya kweli, na hakuna hata moja linalomfikia anayeweza kuyafanyia kazi.

Pai yenyewe si chakula cha asili ya hapa. Chakula ni bukari, ugali wa hapa. Mtu aliyekula pai tatu na soda bado atakwambia hajala. Pai ni ya njiani, ya kudanganya njaa, na huu ni mji wa njia tangu kuanzishwa kwake. Reli kutoka kusini ilivuka mpaka na kufika Sakania mwishoni mwa 1909, na Septemba 1910 ikaingia Élisabethville, Lubumbashi ya leo, kilomita 250 hivi mbele. Katika miaka ile eneo zima la Katanga lilikula kwa treni. Makaa ya mawe yalitoka Wankie, unga na ng'ombe vilitoka Rhodesia (Zambia na Zimbabwe za leo), na ndugu wawili wa ukoo wa Susman, wafanyabiashara wa Livingstone, walipata sehemu kubwa ya utajiri wao kwa kupeleka ng'ombe kwenye machimbo ya Wabelgiji. Hata wachimbaji wa kizungu wa mwanzo walikuwa wengi wao wasemaji wa Kiingereza kutoka Rhodesia na Afrika Kusini. Baada ya migomo ya 1919 na 1920, Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilichoshwa nao na kuanza kuwaleta Wabelgiji mahali pao.

Wachimbaji hao wa Kiingereza popote walipokwenda walikwenda na pai. Huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, mchimbaji aliingia shimoni na pai ya nyama, viazi na kitunguu, iliyokunjwa na kusokotwa ukingo. Shaba na bati za kwao zilipofifia katika karne ya 19, walitawanyika hadi Australia, Mexico na Afrika Kusini, na mlo wao ukatawanyika nao. Tangu 2011 jina la pai hiyo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: isiyotengenezwa Cornwall haina ruhusa ya kujiita ya Cornwall. Kitumbua bado kinamsubiri wakili wake.

Upande wa Lubumbashi kulikuwa na mikono mingine. Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, waliohamia Élisabethville na kujenga sinagogi lao mwishoni mwa miaka ya 1920, walikuwa na pasteliko, kipai kidogo chenye mfuniko, kilichojazwa nyama ya kusaga na kunyunyiziwa ufuta. Wagiriki walikuwa na pai zao za jibini na za mboga za majani. Wahindi walileta sambusa, ambayo imewashinda wote kwa bei. Wabelgiji walileta pai ya matunda isiyofunikwa juu, wanayoiita tarte, na mpaka leo mtu aliyesoma kwa masista ataiita hivyo huku akimtazama kwa huruma anayesema pai ya matunda. Masista Wasalesiani wa Don Bosco walifika Sakania mwaka 1926, na kama ilivyokuwa katika shule za misheni za enzi hizo, wasichana walifundishwa sindano na jiko pamoja na katekisimu.

Lakini mlaji wa leo wa Sakania hapimi pai yake kwa Cornwall wala kwa Rhodes. Anaipima kwa Ndola. Mji huo wa Zambia uko karibu kiasi kwamba mtu anaweza kwenda kununua mahitaji na kurudi siku hiyo hiyo, na katika mkoa mzima wa Copperbelt pai ni chakula cha mchana cha karani, cha mwanafunzi na cha kondakta wa basi. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Zambia mwaka 1995, na kabati lake la vioo lenye pai za moto, ya kuku huku, ya nyama kule, limewafundisha watu wa pande zote mbili za mpaka pai inavyopaswa kuonekana: zote ukubwa mmoja, rangi moja, chumvi ile ile Jumatatu na Ijumaa. Mama anayeoka nyumbani kwake Sakania anashindana na kabati hilo bila kuliona.

Mteja huanza na ganda, hata kama atakachokilalamikia baadaye ni nyama. Ganda zuri linataka mafuta baridi. Siagi au majarini huvunjwavunjwa ndani ya unga kwa ncha za vidole, vipande vidogo vikabaki vizima; vikiyeyuka ndani ya tanuri huacha nafasi, na ndiyo maana ganda linakatika tabaka kwa tabaka. Mafuta yakiyeyuka mezani kabla ya moto, unga unayanywa, na ganda linatoka gumu kama soli ya kiatu. Sasa, Sakania iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi zake ni za sweta, na pai za miezi hiyo zinapendwa bila mpishi kubadilisha chochote. Ikifika Oktoba, jua likiwaka na mvua bado, majarini inalegea kabla hujamaliza kupepeta unga. Wateja watasema mama amebadilika, amekuwa mvivu, siku hizi anaangalia pesa tu. Kilichobadilika ni hewa. Anayejua siri hii hukanda usiku, au huweka bakuli la unga ndani ya beseni la maji ya kisima.

Halafu moto. Umeme ukikatika, na hukatika, tanuri ni la makala, yaani mkaa: jiko la mbabula chini, bati, pai, bati jingine, na makala mengine juu. Makala ya juu hupaka rangi haraka. Ya chini yana kazi ngumu zaidi, kwa sababu unyevu wote wa nyama na kitunguu unateremka upande wao. Anayetoa pai kwa kuangalia rangi atatoa pai yenye uso wa kupendeza na tumbo bichi. Mteja anang'ata juu akiwa bado dukani, anasifu. Chini anakufika akiwa njiani. Sifa zote za dukani, kwa hiyo, ni za nusu ya juu, na nadhani wapishi wengi wameishi kwa miaka wakisikia maoni ya nusu ya pai.

Juu ya nyama watu hawana huruma. Hapo adabu inakaribia kuvunjika; wapo wanaothubutu kusema "leo nyama iko kidogo, mama", wakicheka ili ionekane ni utani. Pai ina udanganyifu wa maumbile: mchuzi ukichemka ndani, mvuke unainua mfuniko, na pai ikipoa panabaki pango kati ya mfuniko na nyama. Mpishi aliweka vijiko vitatu kama kawaida, lakini macho ya mteja yanapima lile pango. Kutoboa mfuniko kwa uma kabla ya kuoka, mvuke utoke, kunaongeza nyama zaidi kuliko kuongeza nyama. Viazi vinasamehewa vikiwa vidogo na vimeshika ladha. Kitunguu kikionekana kwa macho ni kosa. Dereva wa lori kutoka upande wa Zambia ana dai lake jingine: ukinunua nne utapewa mbasela, kijalizo cha bure, na akinyimwa hatagomba, atamwita tu mwenye duka "ba mayo" kwa heshima kubwa zaidi kuliko kawaida na hatasimamisha tena lori pale.

Pai tamu ina siasa zake. Asubuhi haiuziki, saa nne watu wanataka chumvi na pilipili. Inauzika baada ya misa, na mchana watoto wanapotoka shule. Wanaume wazima watakwambia hawali vitu vitamu, kisha watanunua mbili za mtoto, na mtoto huyo hajulikani jina. Maembe ya Novemba yanatoa maji mengi na kulowesha ganda. Lazima yapikwe kwanza na sukari mpaka yashikane. Tufaha ni la nje, linakuja kwa lori kutoka Afrika Kusini, na pai yake huagizwa zaidi kwa sifa kuliko kwa ladha. Mimi ningeweka pesa yangu kwenye masuku, tunda la mwituni la misitu ya miombo: utamu wake una uchachu unaokata mafuta ya ganda. Lakini mteja haoni sababu ya kulipia kitu ambacho watoto wanaokota bure. Uyoga una bahati zaidi. Mvua zikianza, akina mama wanaupanga kando ya barabara za Haut-Katanga, mwingine mpana kuliko sahani, na pai ya uyoga na kitunguu inaliwa hata na wale wanaoapa kwamba pai bila nyama ni mkate uliopotea njia.

Na kuna maoni ambayo hayahusu pai kabisa. Katika mji wa mpaka mteja huja na faranga za Kongo, kwacha au dola. Dola iliyochanika hata milimita moja Kongo haipokelewi, na noti ya dola moja watu wengi wanaikataa ingawa ni pesa halali. Basi mtu anayetaka pai mbili anatoa noti kubwa, chenji haipo, anaambiwa aongeze soda au arudi baadaye. Au anarudishiwa faranga zilizochakaa ambazo muuza vocha atazikataa. Mtu huyo akifika kazini hasemi habari ya chenji. Anasema, "Pai za pale siku hizi si kitu." Ningekuwa na duka la pai Sakania, ningetafuta noti ndogo safi kabla ya kutafuta pilipili bora.

Mchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin, aliliona tatizo la mteja asiyesema kwenye reli, na reli yenyewe ilikuwa ya Afrika. Katika miaka ya 1960 alishangazwa na reli ya Nigeria. Malori yalikuwa yanainyang'anya mizigo, hata karanga za kaskazini zilizosafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi bandarini, kazi ambayo reli ilipaswa kuifanya vizuri zaidi kuliko yeyote. Wachumi walifundisha kwamba ushindani humwamsha mzembe. Reli ile haikuamka. Hirschman alieleza kwa nini: wateja ambao wangepiga kelele kubwa zaidi ndio waliohamia kwenye malori kwanza, na uongozi, ukijua hazina ya serikali ipo, ukabaki na wanaovumilia. Mwaka 1970 alikitoa kitabu chake kinachojulikana sana, *Exit, Voice, and Loyalty*. Mteja asiyeridhika, alisema humo, ana njia mbili, kuondoka au kusema, na uaminifu ndio unaomshika mtu asiondoke haraka, ili aseme kwanza.

Nusu ya hoja hiyo inaikaa Sakania kama imepimwa. Anayejua pai kuliko wote mtaani ni yule anayekwenda Ndola kila wiki. Ndiye angeweza kumwambia mama kwamba chini hakukuiva, na ndiye wa kwanza kuacha kununua, kwa sababu Ndola anapita hata hivyo. Wanaobaki ni wasio na cha kulinganisha. Nusu ya pili inapinda. Hirschman alimtegemea mwaminifu kuwa msemaji. Hapa mwaminifu ndiye bubu kuliko wote, maana uaminifu wake si kwa pai, ni kwa mama mwenyewe. Atanunua pai mbaya mwaka mzima, kwa moyo mweupe, na hatasema. Mgeni wa lori asiyemjua mtu ana uhuru wa kusema, ila hana muda.

Kwingineko pengo hilo limezibwa na wateja wasioonana uso kwa uso. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza mikahawa ya Seattle, Marekani, na kuona kwamba nyota moja zaidi kwenye Yelp, mtandao wa wateja kutathmini biashara, iliongeza mapato ya mkahawa kwa asilimia 5 hadi 9. Faida hiyo iliikuta mikahawa ya watu binafsi. Matawi ya kampuni kubwa hayakutikisika, kwani kila mtu anajua tayari atakachokuta humo. Ndiyo hali ya kabati la vioo la Ndola na duka la mama. La kwanza halihitaji kusifiwa na mtu. La pili linaishi kwa midomo, na midomo ya Sakania, kama tulivyoona, inasema ikishakata kona.

Ubaya ni kwamba hata kuondoka kwa wateja si lugha ya kuaminika. Mgodi wa Frontier, karibu na mji, ulianza kutoa shaba mwaka 2007 chini ya First Quantum ya Kanada. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilipokonywa leseni na kazi zikasimama. Mwaka 2012 First Quantum iliiuzia kampuni ya madini ya ENRC mali zake za Kongo, na shaba ikaanza kutoka tena. Kwa mtu yeyote aliyekuwa akiuza chakula cha mkononi mjini, miaka hiyo trei zilijaa na kupungua kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na ganda wala nyama. Agosti 2024 Zambia ilifunga kwa siku chache mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, katika mzozo uliofuatia amri ya Kongo ya kuzuia bia na soda kutoka nje. Malori yakasimama. Mpishi aliyebaki na pai zake siku hizo angekosea kulaumu chumvi.

Kupanda kwa bei ya unga kunamletea mpishi swali ambalo wateja wanalijibu kwa ukali zaidi kuliko yote: apandishe bei au apunguze pai? Wengi wanapunguza, wakitumaini haitaonekana. Inaonekana. Mtu anayeshika pai ile ile kila asubuhi ana mizani kiganjani. Akiambiwa bei imepanda, atanung'unika kwa sauti, "bei iko kali", kisha atalipa, kwa sababu bei ni ya dunia nzima, ni ya dola, ni ya serikali. Pai iliyopungua ni ya mama peke yake, na hapo ndipo mteja anaondoka bila neno.

Kuna siku moja tu ambapo mteja mwenye adabu hufungua kinywa. Si siku anayonunua pai ya kula mwenyewe. Ni siku mtoto wake anapokea komunyo ya kwanza, au dada yake anapoolewa, na anakuja kuagiza pai hamsini. Siku hiyo watakaokula ni wageni wake, wakwe wamo, na pai ikiwa mbichi chini aibu si ya mpishi tena. Wanaokuja kuagiza ndio kipimo ambacho ningekifuata kama ningekuwa na duka, kuliko foleni ya asubuhi na kuliko "iko muzuri" elfu moja. Asiyeagiza kwako kwa ajili ya sherehe yake, hata kama ananunua kila siku, ameshatoa hukumu yake.

Anayeagiza, naye, anakaa kwanza kwenye kiti, anauliza hali ya watoto, ya mume, ya yule aliyekuwa mgonjwa. Kisha anaanza, kwa upole, kama anayekumbuka vitu vidogo, na mpishi mwenye akili anaacha kazi na kusikiliza, kwa sababu anasomewa miezi minane ya maoni kwa mara moja. Ziive sana chini, mama, watoto wanapenda hivyo. Kitunguu kisizidi. Za nyama ziwe nyingi kuliko za kuku, na ukubwa uwe ule wa zamani, tutaongeza pesa. Chumvi kama ile ya Pasaka, si ile ya baada ya Pasaka. Na ile ya ndizi, mama, safari hii tuiache.